Percy Maxim: Alipunguza mlio wa bunduki, sheria ikamfuata

Milio ya bunduki ilimharibia baba yake masikio. Baba huyo ni Hiram Maxim, aliyebuni bombomu la Maxim, silaha ambayo Wajerumani waliitumia kuwafyeka wapiganaji wa Maji Maji pale Mahenge, Agosti 1905. Mwanawe akaja na kifaa cha kupunguza kelele.

Hiram Percy Maxim alizaliwa Brooklyn, Marekani, Septemba 2, 1869. Baba alihamia Uingereza na kuiacha familia, mtoto akalelewa na mama. Kichwani alikuwa vizuri: alimaliza chuo cha MIT mwaka 1886 kabla hajatimiza miaka 17, kisha akaingia kwenye kazi ya kuunda magari.

Machi 1909 alipata hataza ya kiwambo cha kuzuia sauti. Ni bomba fupi linalofungwa mdomoni mwa mtutu. Ndani yake gesi ya baruti inazungushwa na kupunguzwa kasi kabla ya kutoka. Mlio hauishi kabisa kama kwenye muvi, unapungua tu. Sailensa ya pikipiki inafanya kazi kwa wazo hilohilo, na Maxim mwenyewe alishughulikia kelele za injini pia.

Wakati huo mtu aliagiza kiwambo kwa posta, kwa dola chache tu. Hakuna leseni wala alama za vidole. Hata Rais mstaafu Theodore Roosevelt alikuwa nacho.

Mambo yakageuka Juni 1934. Baada ya miaka ya magenge yenye silaha mijini, Marekani ilipitisha sheria iliyoweka viwambo kundi moja na bombomu: lazima visajiliwe, na kila kinapouzwa kodi ni dola 200. Kwa thamani ya leo ni zaidi ya dola 4,000, kwa kifaa cha dola chache! Hakikupigwa marufuku, ila mtu wa kawaida angekipataje?

Kodi hiyo ilikaa bila kupanda wala kushuka hadi Januari 2026 ilipofanywa sifuri. Usajili uko palepale: fomu, picha, alama za vidole na kuchunguzwa. Majimbo kama California na New York hayaruhusu kabisa raia kumiliki.

Huku kwetu, mkazi wa Ipagala, Dodoma, hawezi kuagiza silaha kama anavyoagiza simu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya 2015 inamtaka awe na leseni kwanza, na polisi lazima wamjue.

Maxim alifariki Februari 17, 1936 akiwa Colorado, sheria ile haijafikisha miaka miwili. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake kuhusu baba yake.