Joe Jackson na Mlango wa Cooperstown

Yuko mtu aliyezikwa mwaka 1951 ambaye mpaka leo huwagombanisha Wamarekani. Jina lake Joseph Jefferson Jackson, lakini wengi humwita Joe Asiye Viatu. Ugomvi wenyewe ni huu: je, mtu huyu astahili kuingizwa katika jumba la mashuhuri wa besiboli, au abaki nje milele? Nimeufuatia ubishi huu kwa muda mrefu. Kwanza nilikuwa upande wake kabisa, kisha nikahama, na nitawaeleza wasomaji sababu zilizonihamisha.

Besiboli ni nduguye kriketi tunayoijua viwanjani Mombasa. Gongo lake ni la mviringo, mpira hurushwa moja kwa moja bila ya kudunda chini, na mpigaji akiupata sawasawa hukimbilia vituo vinne vilivyopangwa uwanjani. Kuupiga mpira huo ni kazi ngumu, hata mtu akifaulu mara 3 katika kila 10 huhesabiwa bingwa. Wamarekani huiandika hesabu hiyo kwa maelfu, na kila mpenzi wa mchezo huihifadhi kichwani. Hesabu ya Jackson kwa umri wake wote wa kucheza ni 356 kwa 1,000. Kwa miaka mingi vitabu vyao vilimweka wa tatu katika historia yote ya mchezo, mpaka mwaka 2024 zilipoingizwa hesabu za ligi za Weusi na orodha ikabadilika.

Jumba lenyewe liko Cooperstown, mji mdogo katika jimbo la New York, nalo lilifunguliwa mwaka 1939. Anayekubaliwa hutundikiwa ukutani bamba la shaba lenye sura yake na sifa zake. Waandishi wa magazeti hupiga kura, na mtu hapiti mpaka apate 75 katika kila 100. Uchaguzi wa kwanza ulifanywa mwaka 1936, wakapita watano, wakiwemo Ty Cobb na Babe Ruth. Jackson alipata kura 2. Mwaka 1946 akapata 2 tena.

Alizaliwa mwaka 1887 katika jimbo la South Carolina, kwa wazazi maskini. Baba yake alipata kazi katika kiwanda cha nguo cha Brandon, mjini Greenville, na Joe naye akaingizwa kiwandani akiwa mtoto wa miaka sita au saba. Shule hakuiona. Hakujua kusoma wala kuandika mpaka alipokufa, na jambo hili msomaji alishike, kwa maana litarudi mara kwa mara katika kisa hiki.

Viwanda vya nguo vya kusini vilikuwa na timu zao za besiboli, na Joe akiwa bado mvulana alichezeshwa pamoja na watu wazima. Jina la Asiye Viatu lilimpata Greenville mwaka 1908. Siku moja viatu vipya vilimchubua, akavivua akacheza kwa soksi. Jina likamganda, wala yeye hakulipenda, kwa kuwa lilimfanya aonekane mshamba. Mwaka huo huo alimwoa Katie Wynn, naye Katie ndiye aliyekuwa macho yake: akimsomea barua, akimsomea mikataba, na mara nyingi akimtilia sahihi. Husimuliwa kwamba Joe akiwa safarini na wenzake mkahawani, alingoja wao waagize kwanza, kisha naye akaagiza kama mmoja wao, ili asijulikane kuwa hawezi kuisoma karatasi ya vyakula.

Klabu ya Philadelphia ilimnunua mwaka 1908, lakini mji mkubwa ulimshinda na wenzake wakamcheka. Mwaka 1910 akapelekwa Cleveland, na huko ndiko alikochanua. Katika mwaka 1911, msimu wake wa kwanza kucheza wote, alipata 408 kwa 1,000. Kwa bahati yake, mwaka huo huo Ty Cobb alipata zaidi. Gongo lake jeusi alilipa jina, Black Betsy. Babe Ruth, mpigaji aliyetajika kuliko wote, hakuficha kwamba aliiga namna ya Jackson ya kulizungusha gongo.

Mwaka 1915 Cleveland ilimuuza kwa White Sox ya Chicago, iliyomilikiwa na Charles Comiskey. Mwaka 1917 timu hiyo ikatwaa ubingwa wa nchi.

Sasa tumefika mwaka 1919. White Sox ilikutana na Cincinnati Reds katika fainali, na mshindi alitakiwa kushinda michezo mitano. Kabla ya mchezo wa kwanza, wachezaji wanane wa White Sox walikwisha kuhusishwa na njama ya kufungwa makusudi, ili wacheza kamari wapate mavuno. Kiongozi wa njama alikuwa Chick Gandil, na tajiri aliyetajwa nyuma ya fedha hizo ni Arnold Rothstein wa New York. Jackson aliahidiwa dola 20,000. Mshahara wake wa mwaka ulikuwa 6,000. Baada ya mchezo wa nne, mwenzake Lefty Williams alimletea bahasha yenye dola 5,000. Chicago ikashindwa kwa michezo 5 kwa 3.

Wanaomtetea huleta hesabu, nazo ni hesabu nzuri. Katika fainali ile Jackson aliupiga mpira vyema mara 12, jambo ambalo lilikuwa rekodi. Alipata 375 kwa 1,000. Hakufanya kosa hata moja uwanjani. Pigo la pekee la kuvuka ua katika fainali nzima lilikuwa lake. Je, mtu aliyeuza mchezo hucheza hivyo? Hoja hii ndiyo iliyonishika mimi kwa miaka mingi, na nilipobishana na wenzangu niliitoa kama mtu atoaye karata ya mwisho.

Kisha nikazipanga hesabu zile zile mchezo kwa mchezo. Katika michezo mitatu ambayo Chicago ilishinda, alipata mara 6 katika 11. Katika ile mitano waliyoshindwa, alipata mara 6 katika 21. Na lile pigo la kuvuka ua? Lilikuja katika mchezo wa nane na wa mwisho, wakati Reds wamekwisha kutangulia kwa pointi 5 bila. Sisemi kwamba hili latosha kumhukumu. Mpigaji yeyote huwa na siku mbaya, na michezo minane ni michache mno. Lakini karata yangu haikuwa karata tena.

Siri ilikaa karibu mwaka mzima. Msimu wa 1920 Jackson alicheza vizuri ajabu, akapata 382, mpaka Septemba baraza la raia la uchunguzi lilipokutana mjini Chicago. Tarehe 28 Mrusha mpira Eddie Cicotte alikwenda akakiri. Siku hiyo hiyo Jackson naye akaingia, akaeleza habari za bahasha na ile ahadi ya 20,000, na hata akasema kwamba mkewe alipoambiwa alisikitika sana kwa jambo hilo. Lakini pia alishikilia kwamba alicheza kwa bidii ili ashinde. Magazeti yakatunga kisa cha mtoto aliyemfuata nje ya mahakama akimsihi akanushe. Jackson alisema maisha yake yote kwamba mtoto huyo hakuwako.

Hapa ndipo kutojua kusoma kunapouma. Kabla ya kutoa ushahidi, aliyemshauri alikuwa wakili wa klabu, mtu wa Comiskey, ambaye kazi yake ilikuwa kumlinda Comiskey. Akawekewa karatasi ya kuiacha kinga yake ya kisheria, akaitia sahihi bila ya kuweza kuisoma. Nasi pwani twawajua wazee waliotia dole gumba kwenye karatasi za mashamba yao wasijue kilichoandikwa, kwa hivyo sitaki kulipita jambo hili upesi. Mtu huyo hakuwa na wakili wake, na Katie hakuwa ubavuni mwake.

Kesi ikasikizwa mwaka 1921. Karatasi za maungamo zilikuwa zimepotea mikononi mwa serikali, na tarehe 2 Agosti wazee wa baraza wakawaachilia washtakiwa. Furaha yao haikudumu hata siku mbili. Kesho yake, Kenesaw Mountain Landis, jaji aliyekuwa amepewa ukubwa wa mchezo wote mwaka 1920, alitangaza kwamba wote wanane wamefukuzwa milele, hata kama mahakama imewaachilia. Mmoja wao, Buck Weaver, hakupokea hata senti. Kosa lake ni kwamba alihudhuria mikutano, akajua, akanyamaza. Naye alikufa mwaka 1956 akiomba asamehewe.

Mwaka 1924 Jackson aliishtaki klabu mjini Milwaukee akidai mshahara wa mkataba uliovunjwa, mkataba ambao alisema alidanganywa juu ya sharti lililokuwa ndani yake. Akiwa kizimbani akakana aliyoyasema mwaka 1920. Ndipo mawakili wa klabu wakatoa zile karatasi zilizopotea! Vipi zilifika mikononi mwao, msomaji akisie. Wazee wa baraza walimpa Jackson ushindi wa dola zaidi ya 16,000, lakini jaji akaufuta, na akaamuru Jackson akamatwe kwa kusema uwongo baada ya kuapa.

Baada ya hapo hakuna mengi ya kusimulia. Alikaa Savannah, akafungua duka la udobi lililokwenda vizuri. Kisha akarudi Greenville, na huko mwishowe akawa na duka la vileo. Hawakujaaliwa watoto. Husimuliwa kwamba Ty Cobb alipita dukani siku moja, na Jackson akamhudumia kama mgeni yeyote, akidhani Cobb hangependa kujulikana naye. Mwaka 1951 Cleveland ilimchagua miongoni mwa mashuhuri wa klabu yao, akaalikwa New York kwenye televisheni, katika kipindi cha Ed Sullivan. Hakuwahi kufika. Moyo wake ulisimama tarehe 5 Desemba, siku chache kabla ya safari.

Je, aingizwe? Wapo wasemao kwamba jumba lile lenyewe halikuwa na usafi wa kumhukumu mtu, na wana ukweli wao. Josh Gibson, ambaye hesabu za 2024 zimemweka juu ya wapigaji wote, hakuwahi kucheza hata mchezo mmoja katika ligi kubwa kwa sababu ya rangi yake. Alikufa Januari 1947, miezi michache kabla ya mlango kufunguliwa na Jackie Robinson, na bamba lake likatundikwa mwaka 1972. Alifungiwa nje pasi na kosa. Lakini dhulma aliyofanyiwa Gibson haiwezi kuwa hati ya kumsafisha Jackson.

Mimi humfikiria mtu mwingine ambaye watetezi hawamtaji. Dickie Kerr alikuwa mrusha mpira kijana wa White Sox, na katika fainali ile alishinda michezo miwili kwa uaminifu, huku baadhi ya waliosimama nyuma yake wamekwisha kuuza timu. Eddie Collins na Ray Schalk nao walicheza kwa jasho lao. Hawa ndio waliodhulumiwa kwanza: walipoteza ubingwa, na walipoteza fungu kubwa la fedha ambalo washindi hugawana. Sisi tumefundishwa kwamba haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe. Aliyekuwa na haki ya kumsamehe Jackson ni Kerr na wenziwe, nao wote wamekwisha kufa. Waandishi na kamati watasamehe kwa niaba ya nani?

Hata hivyo mlango umefunguliwa kidogo. Tarehe 13 Mei 2025 mkuu wa besiboli, Rob Manfred, alitangaza kwamba adhabu ya kufukuzwa milele hukoma mtu anapokufa. Wafu 17 wakatolewa katika orodha ile, Jackson akiwa mmoja, na Pete Rose, aliyekufa 2024, akiwa mwingine. Kamati ya watu 16 inayoangalia wachezaji wa zamani ilipangiwa kikao Desemba 2027, na anayetaka kupita lazima apate kura 12.

Nakubaliana na Manfred kwamba haifai kumfuata mtu kaburini kwa adhabu. Lakini kuondolewa adhabu ni jambo moja, na kutundikiwa sifa ukutani ni jingine. Bahasha aliipokea, na fedha hakuzirudisha kwa aliyempa. Ningekuwa mmoja wa wale 16, nisingempa kura yangu, na usiku ule nisingelala vizuri kwa kuikumbuka ile karatasi aliyoitia sahihi bila kuisoma.

Black Betsy liliuzwa mnadani mwaka 2001 kwa zaidi ya dola nusu milioni. Nyumba alimofia, huko Greenville, ilihamishwa mwaka 2006 ikawekwa karibu na uwanja wa besiboli, na tangu 2008 ni makumbusho yake. Wenyeji waliipa nambari ya 356.