Röntgen, yule aliyetuachia radio ya kifua

Siye wa shimo, huku Fizi na Baraka, vumbi inatuingia kifuani, na munganga anatutuma kupiga radio. Mwenye kuivumbua ni Wilhelm Röntgen, mwalimu wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1845. Tarehe 8 Novemba 1895 alipitisha umeme ndani ya chupa isiyo na hewa, iliyofunikwa karatasi nyeusi. Kibao cha pembeni kikawaka. Elektroni zinakimbizwa na umeme, zinagonga, miali inatoka. Leo zinagonga wolframu, madini inayochimbwa hata Kivu. Desemba alipiga picha mkono wa bibi yake, mifupa ikaonekana. Mwaka 1901 alipata tuzo ya Nobel, makuta akaachia chuo chake. Uvumbuzi hakuufanya mali yake. Alikufa mwaka 1923. Kikohozi kikipita juma mbili, tusingoje: twende tupigwe radio.