Mtawa wa Hautvillers

Kila mwaka wageni wengi huenda Hautvillers, katika mizabibu ya Champagne, Ufaransa, kuzuru kaburi la Dom Pierre Pérignon. Wengi wao husadiki kwamba ndiye aliyevumbua divai yenye kutoa povu. Twaona yafaa kueleza kweli yake.

Alizaliwa Sainte-Menehould karibu mwaka 1638, akaingia Shirika la Mtakatifu Benedikto. Mwaka 1668 alikabidhiwa mali na ghala za monasteri ya Hautvillers, akazitunza miaka 47, hata alipofariki mwaka 1715. Kwa desturi inayokumbukwa kuwa yake, zabibu zilichumwa asubuhi na mapema, kabla ya jua kali, na zilizopondeka zikatengwa. Za mashamba mbalimbali alizichanganya kabla ya kuzikamua, ili upungufu wa shamba moja ujazwe na jingine. Povu lilihesabiwa kuwa kasoro, maana lilipasua chupa.

Sifa ya uvumbuzi ilienezwa mwaka 1821 kwa barua ya Dom Grossard, aliyewahi kuwa mtawa wa monasteri hiyo. Marehemu hakuihitaji. Miaka 47 ya kazi yenye uaminifu yamtosha kuwa heshima, nasi tusimwondolee heshima hiyo kwa kumvika taji lisilo lake.