Salme: Binti wa Sultani aliyejifunza kuandika kwa siri

Ukipanda daladala ya Bumbwini kutoka mjini, kabla hujafika Mangapwani unapita Mtoni, halafu Bububu. Barabara ni moja tu, lakini imebeba historia mbili za wasichana wa Unguja.

Pale Mtoni yapo magofu ya kasri alimozaliwa binti wa Sultani. Huko mbele, Mangapwani, lipo handaki lililochongwa kwenye jiwe la matumbawe karibu na bahari. Linatajwa kuwa ndiko walikofichwa watumwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1873. Miongoni mwa waliouzwa katika zama hizo walikuwamo wasichana wadogo, ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Jina la binti wa Mtoni tunalijua kwa sababu aliliandika mwenyewe. Na kuandika kwenyewe alikatazwa.

Mtoto wa Sultani na suria

Sayyida Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka Circassia. Alitekwa vitani akiwa mtoto mdogo, akaletwa Zanzibar na kulelewa pamoja na mabinti wa Sultani wa rika lake.

Kwa kukaa nao, Jilfidan akajifunza kusoma. Masuria wengi hawakuwa na elimu hiyo, kwa hiyo kule kusoma tu kulimpa heshima ndani ya kasri.

Salme alianza chuo akiwa na miaka kama sita au saba. Watoto walikaa kwenye mkeka, mwalimu wao mwanamke kutoka Oman, na bakora iko karibu. Kitabu kilikuwa msahafu.

Wavulana walifundishwa kusoma na kuandika. Wasichana kusoma tu, basi. Muda uliobaki ulikuwa wa kushona na kutarizi.

Kwa nini wasiandike? Hofu ilikuwa kwamba msichana akijua kuandika atapeleka barua kwa wanaume. Kusoma dini ni wajibu wake, lakini kalamu ilionekana ni fitina.

Mfupa wa ngamia

Salme hakukubali. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao wa kuandikia, akawa ananakili herufi za msahafu moja moja, kwa siri. Alipoona mkono umeanza kukaa sawa, alimtafuta mtumwa mmoja aliyesoma amfundishe hati nzuri.

Hapo tusimame kidogo. Binti wa Sultani alifundishwa kuandika na mtumwa. Yule mtumwa alijua kwa sababu alikuwa mwanamume, na mabwana walihitaji mtu wa kuwaandikia. Binti mwenye mali na watumishi hakujua, kwa sababu ni mwanamke.

Siri ilipofichuka, alisemwa sana. Hakujali.

Kaka yake Majid naye alimfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha. Kwa mtoto wa kike wa ukoo ule haya hayakuwa ya kawaida. Kadiri ukoo ulivyokuwa mkubwa ndivyo msichana alivyofungiwa zaidi: akishakua anatawa ndani, akitoka anajifunika. Mwanamke mtumwa alikwenda sokoni uso wazi, lakini hakuwa huru. Mmoja alifungwa na heshima, mwingine alifungwa na bei.

Kalamu yaingia kwenye siasa

Sayyid Said alifariki safarini baharini mwaka 1856, akaacha watoto 36 hai. Salme alikuwa na miaka 12. Alirithi shamba na fedha, fungu la mtoto wa kike likiwa nusu ya fungu la mtoto wa kiume. Mwaka 1859 akafiwa na mama kwa kipindupindu.

Mwaka huohuo ndugu zake wakagombania kiti. Majid ndiye aliyekuwa Sultani, Barghash akataka kumpindua. Salme, akivutwa na dada yake Khole, akaingia upande wa Barghash. Katika kundi lile hati yake ikawa lulu. Akiwa na miaka 15 tu, akawa ndiye mwandishi wa barua za njama.

Njama ikashindwa baada ya Waingereza kumsaidia Majid. Watu wengi walikufa, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, na Salme akajitenga shamba, Kizimbani na kisha Bububu.

Aliporudi mjini alijuana na jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Akapata mimba. Kwa binti wa nyumba ile, hilo lilikuwa jambo la hatari ya maisha. Agosti 1866 akatoroka usiku kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume, ambaye hakuishi muda mrefu. Mei 1867 akabatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyohiyo.

Mjane Ujerumani

Hamburg alizaa watoto watatu. Agosti 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu. Mtoto mkubwa alikuwa hajatimiza miaka mitatu.

Binti wa Sultani akawa mjane mgeni, fedha zikimwishia, akihama mji hadi mji. Kilichomsaidia ni kilekile alichokatazwa utotoni: alifundisha lugha na akaandika. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Kitabu hicho hutajwa mara nyingi kuwa cha kwanza cha aina yake kuchapishwa na mwanamke Mwarabu.

Lakini tusimpake mafuta. Katika kitabu hichohicho aliutetea utumwa wa Kiarabu. Aliiona dhuluma aliyofanyiwa yeye kama mwanamke, lakini ya wale waliomtumikia hakuiona kwa uzito huohuo.

Mwaka 1885 alirudi Zanzibar kudai urithi wake. Sultani sasa alikuwa Barghash, yuleyule aliyemwandikia barua. Barghash akakataa hata kumwona. Alijaribu tena mwaka 1888, bila mafanikio. Aliishi miaka mingi Beirut, akafariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924.

Wasichana wengine je?

Wakati Salme yuko Ulaya, kule Mbweni wamisionari wa Kianglikana walikuwa na shule ya wasichana waliokombolewa utumwani. Kuanzia 1877 iliongozwa na Caroline Thackeray. Wasichana wale, wenzao wa waliopitishwa Mangapwani, wakafundishwa kuandika, jambo ambalo mabinti wa kasri walinyimwa.

Hata hivyo Mbweni nako kulikuwa na daraja. Walioonekana wepesi darasani waliandaliwa kuwa walimu. Wengine walipelekwa upande wa kazi za mikono: kufua, kupika, kushona. Ukombozi ulikuja, ila nafasi bado iligawiwa.

Shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1927, miaka mitatu baada ya Salme kufariki. Mtoto wa mkulima au mvuvi wa shamba alisubiri zaidi. Baada ya Mapinduzi, Septemba 1964, ndipo elimu ilipotangazwa kuwa bure kwa wote.

Leo asubuhi, kwenye barabara ileile ya Mtoni hadi Mangapwani, utawaona wasichana na mabuibui yao, mabegi mgongoni, kila mmoja na daftari lake. Hakuna anayeficha kalamu. Swali lililobaki kwa wazazi ni hili: akirudi nyumbani jioni, kaka yake akienda kucheza mpira, yeye anapata muda wa kulifungua?