Robert Noyce na Tatizo la Nyaya

Walimu wengi tunapofundisha umeme huishia kwenye betri, swichi na balbu. Mtoto akiuliza kilichomo ndani ya redio au simu ya mkono, huambiwa kwamba mambo hayo atayakuta mbele. Sisi twaona yafaa asimuliwe maisha ya mtu mmoja, maana kiini chake ni jambo ambalo hata mtoto wa darasa la tano analifahamu: mahali pa kupitisha waya.

Robert Noyce alizaliwa tarehe 12 Desemba, 1927, huko Burlington, katika jimbo la Iowa, Marekani. Baba yake alikuwa mchungaji. Kijana alikulia katika mji mdogo wa Grinnell, ambako mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 12, yeye na nduguye waliunda ndege isiyo na injini, wakairusha kutoka juu ya paa la banda la farasi la chuo.

Katika chuo hicho hicho cha Grinnell alisomeshwa fizikia na mwalimu Grant Gale. Mwaka 1948 nusura mambo yaharibike kabisa. Noyce alishiriki kuiba nguruwe wa mkulima jirani kwa ajili ya karamu ya wanachuo, na Iowa ni jimbo la wafugaji, ambako wizi wa mfugo si jambo la mzaha. Gale na mkuu wa chuo walimtetea. Mkulima alilipwa, na kijana akasimamishwa masomo kwa muhula mmoja badala ya kufukuzwa. Wenzetu wengine watasema huo ulikuwa ulegevu; sisi hatukubali, kwani adhabu ilikuwapo, ila haikumfungia mlango.

Transista ilikuwa imevumbuliwa Desemba 1947 katika maabara za Bell. Gale alifahamiana na John Bardeen, mmoja wa wavumbuzi wake, akajipatia kifaa hicho na kukileta mbele ya wanafunzi wakati ambapo vyuo vingi vikubwa havikuwa nacho. Noyce alihitimu mwaka 1949, akapata udaktari mwaka 1953, na mwaka 1956 akaenda California kufanya kazi kwa William Shockley. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake saba walijitoa wakaanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor.

Siku hizo transista nyingi zilitengenezwa pamoja juu ya kisahani kimoja cha silikoni. Kisha zilikatwa mojamoja, na baadaye wafanyakazi waliziunganisha tena kwa nyaya, kwa mkono. Septemba 1958 Jack Kilby wa Texas Instruments alionyesha sakiti nzima juu ya kipande kimoja cha jerimaniamu, lakini nyaya zake za dhahabu zilikuwa bado zinaning'inia hewani. Huko Fairchild, Jean Hoerni alibuni njia ya kuacha tabaka jembamba la oksidi juu ya silikoni ili kuilinda. Januari 1959 Noyce alitambua kwamba tabaka hilo, kwa kuwa halipitishi umeme, laweza kubeba nyaya zenyewe: mistari ya alumini ikalazwa juu yake, ikigusa silikoni pale tu palipotobolewa vidirisha. Haki ya uvumbuzi huo alipewa Aprili 1961.

Mwaka 1968, pamoja na Gordon Moore, alianzisha kampuni ya Intel. Alifariki tarehe 3 Juni, 1990, huko Austin, Texas. Kilby alitunukiwa Nobel mwaka 2000. Tuzo hiyo hawapewi waliokwisha kufa.

Tangu hapo transista katika chipu moja zimefikia mabilioni, na nyaya zimerundikana juu yake kama ghorofa. Nyaya za kuleta umeme zinapaswa kuwa nene, la sivyo nguvu hupotea njiani. Nazo hugombea nafasi na nyaya za kupeleka ishara. Mwaka 2025 Intel ilianza kutoa kwa wingi chipu zinazopokea umeme kutoka upande wa nyuma wa silikoni. Watafiti, kwa upande wao, wanajaribu kupandanisha transista mbili, moja juu ya nyingine. Hapo njia ya nyuma inahitajika zaidi, maana transista ya chini imefunikwa na mwenziwe.

Darasani jambo hili halihitaji maabara. Kila mtoto achore nyumba kumi na mbili zilizobanana juu ya karatasi. Kwa kalamu nyekundu aipelekee kila nyumba waya wa umeme kutoka ukingoni, na kwa kalamu ya buluu aunganishe kila nyumba na majirani zake wawili kwa waya wa kengele, bila mistari kukatana. Watahangaika na kulalamika; tuwaache wahangaike. Kisha tuwape miiba ya kutobolea, tusiwaambie ni ya nini. Atatokea atakayeigeuza karatasi.