Rudolf Diesel, aliyezipa nyambizi nguvu

Nisikiapo jenereta zikinguruma madukani hapa Sherikat, Juba, humkumbuka Rudolf Diesel. Mhandisi huyo Mjerumani alizaliwa Paris mwaka 1858. Mwaka 1897, mjini Augsburg, injini yake iligeuza takriban asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, ikizipita mbali mashine za mvuke.

Mwaka 1904 Ufaransa ilishusha majini nyambizi Aigrette, yenye injini ya dizeli. Juu ya maji injini iliisukuma na kuchaji betri. Chini, pasipo hewa ya kuunguzia mafuta, mota ya umeme ilishika zamu.

Diesel alitoweka melini usiku wa Septemba 29, 1913, akiwa amezama katika madeni. Hakuziona nyambizi za dizeli zikizamisha meli katika vita vilivyoanza mwaka uliofuata.