Joginder Singh, Dereva Aliyekuwa Fundi

Ndugu tuliosoma pamoja, hapa Mchukwi watu hunikuta chini ya kigari changu chepesi cha viti viwili, spana mkononi, wakauliza kwa nini nisimwachie fundi. Nawatajia marehemu Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akawa fundi magari kabla ya kusifika kwa mbio. Mwaka 1965, pamoja na ndugu yake Jaswant, alishinda mbio za Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, waliyoitayarisha wenyewe. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Wengi husifu mwendo wake. Mimi nasifu masikio: fundi husikia nati ikilegea kabla gurudumu halijachomoka topeni. Alifariki London mwaka 2013.